Mashine ya Marehemu Isipimwe kwa Kilo



Wiki hii tumeyaweka kando mazungumzo ya mahari tuliyokuwa tumeyaanza, kwani imetufikia barua isiyostahimili kungojeshwa. Ameiandika mama mmoja wa Mtongwe, naye ametupa ruhusa tuyaeleze yaliyomo, ila jina lake tulihifadhi.

Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi. Msimu wa Kaskazi alivua. Kusi ilipoingia na bahari ikachafuka hata vyombo vidogo visiweze kutoka nje ya mwamba, alipanda basi kwenda bara, Kimana, huko Kajiado chini ya Mlima Kilimanjaro, alikokodi ekari moja ya kulima nyanya. Ndivyo alivyowalisha watu wake kwa miaka mingi, nusu mwaka kwa samaki na nusu mwaka kwa nyanya. Alipofariki aliacha deni dogo, boti kuukuu na mashine mbili: Yamaha ya boti ya nguvu za farasi 15, ya zile za zamani ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, na pampu ya petroli ya kuvutia maji shambani. Aliugua miezi mitano kabla ya kufariki. Kisha mjane akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Katika muda wote huo hakuna mkono uliozigusa mashine hizo.

Eda ilipokwisha warithi walikutana kuigawa tirka. Mashine ya boti ilivutwa kamba hata viganja vikachubuka, isitoe hata kikohozi. Kutoka Kimana ikaja simu kwamba pampu nayo haiwaki. Akaletwa dalali, akaitazama mashine ya boti ilivyolazwa juu ya gunia, akasema imekufa, na kwamba atainunua kwa kilo kama chuma chakavu, na ile ya Kimana ataichukua kwa bei hiyo hiyo bila hata ya kuiona. Ami za watoto wakaona ni heri kukubali ili mambo yaishe. Mama ana binti mmoja aliyekwisha baleghe na wavulana wawili walio wadogo. Anatuuliza: je, atapata dhambi akiwakatalia wakubwa wake?

Hatapata dhambi, inshaallah. Na tunachelea kwamba dhambi imo katika kukubali. Tuhesabu pamoja. Wazazi wa marehemu walimtangulia. Deni lake likishalipwa, kinachobaki hugawanywa mafungu 40. Mjane ana thumuni yake, mafungu 5. Binti ana 7. Kila mvulana ana 14. Ami hawana fungu hapa, kwa kuwa watoto wa kiume wapo. Mafungu 28 kati ya 40, yaani shilingi saba katika kila shilingi kumi, ni mali ya mayatima ambao hawajafikia hata umri wa kutia sahihi. Anayeikubali bei ya kilo ili kikao kimalizike kabla ya adhuhuri anakata katika mafungu hayo zaidi ya mengine yote.

Kwa hiyo kabla ya kugawa, sharti ijulikane: mashine hizi zimekufa kweli, au zimezibwa?

Fundi wa boti tuliyemwendea, mzee aliyezishika mashine hizi tangu ujana wake, alicheka aliposikia kwamba dalali ametoa hukumu bila ya kufungua hata skrubu moja. Mashine ya petroli, alisema, yataka vitu vitatu: pumzi, cheche na mafuta. Pumzi hupimwa kwa kuivuta kamba polepole. Mkono ukikutana na ukinzani unaopanda na kushuka, pistoni bado inabana; kamba ikija laini kama uzi wa kishada, hapo pana ugonjwa mkubwa, na dalali huenda akawa amesema kweli. Cheche hupimwa kwa kuitoa plagi, kuirudisha ndani ya kofia yake, kuigusisha chuma chake kwenye mwili wa mashine na kuvuta kamba. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Jambo hili lifanywe kivulini, galoni ya petroli ikiwa imeondolewa mbali kabisa, maana cheche haichagui cha kuwasha. Pumzi ikiwepo na cheche ikiwepo, mtuhumiwa aliyebaki ni mafuta, na mlango wa mafuta ni kabureta.

Mashine ya Mtongwe ilikuwa na pumzi. Ilikuwa na cheche. Mzee akatuandikia kwenye karatasi mambo ya kwenda kuyatazama Kimana, maana wiki ile ile tulikuwa na safari ya Loitokitok kwa ndoa ya jamaa, na Kimana iko njiani. Binti wa marehemu akafuatana nasi pamoja na mjomba wake.

Tueleze kwanza kabureta ni kitu gani, kwa kuwa wengi wetu hulisikia jina tu likitajwa na fundi pamoja na bei. Petroli ikiwa maji maji haiwaki sawasawa ndani ya mashine. Inayowaka ni petroli iliyopulizwa ikawa ukungu na kuchanganyika na hewa, kwa uzani kama sehemu 15 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Kabureta ndiyo jiko la kuuandaa mchanganyiko huo. Ina koo jembamba ambamo hewa hupita kwa kasi. Aliyepita katika vichochoro vya Mji wa Kale upepo ukivuma anajua jinsi unavyozidi nguvu pale kuta mbili zinapokaribiana. Hewa ikipita kwa kasi kooni, msukumo wake hupungua, na petroli iliyo chini katika bakuli hunyonywa ipande kupitia kijitundu cha shaba kiitwacho jeti. Kijitundu hicho hakifiki upana wa milimita moja. Kilicho kidogo zaidi, kinachoilisha mashine inapozunguka polepole, ni karibu nusu milimita. Riziki ya nyumba nzima hupita hapo.

Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano yenye ncha izibe mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Hakuna mkono wa mtu wala umeme. Hapa tunaomba radhi kwa kutoka njiani kidogo, lakini ni fahari iliyo yetu. Wana watatu wa Musa bin Shakir, Muhammad, Ahmad na Hasan, waliokuwa Baghdad katika karne ya 9, walieleza katika kitabu chao cha hila za kiufundi vyombo vinavyojizuia vyenyewe kwa boya na kizibo. Naye Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1206 huko Diyar Bakr, aliitumia hekima hiyo katika saa zake za maji. Kijana wa leo anayekifungua kibakuli cha kabureta anakutana na fikra ambayo wazee wale waliijua.

Sasa, petroli ikiachwa ndani ya bakuli mashine ikiwa imelala, sehemu yake nyepesi huruka hewani, na nzito hubaki ikigeuka ulimbo. Watengenezaji wa mashine huonya kwamba hata mwezi mmoja watosha kuiharibu petroli iliyosimama, na joto letu halisaidii. Miezi tisa ya ugonjwa na eda ni mingi mno. Ulimbo huo hukauka ukaziba jeti, na mashine nzima, yenye pistoni nzuri na cheche nzuri, ikaitwa maiti kwa ajili ya uchafu usiotosha kujaza ukucha.

Kimana ni nchi kavu yenye maji, na asiyeiona hawezi kuelewa. Ukiacha barabara kuu ya Mombasa pale Emali ukaelekea kusini, huoni ila vumbi, miiba na ng'ombe wa Wamaasai. Kisha ghafula panatokea kijani. Mvua inayonyesha juu ya mlima hunywea katika mawe yake na kuzuka chini kuwa chemchemi, na chemchemi hizo huinywesha mito, vinamasi na mifereji ya wakulima. Tembo wa Amboseli huzijua njia za maji hayo kuliko sisi. Mkulima ambaye shamba lake liko chini ya mfereji hungoja zamu yake na kufungua maji kwa jembe. Ambaye shamba lake liko juu hana budi kuyainua, na hapo ndipo pampu ya petroli inapokuwa mtu wa nyumbani. Siku chache bila maji katika jua lile, na maua ya mnyanya huanguka. Mama zetu mnaochagua nyanya Kongowea mkilalamika bei, nyingi ya nyanya hizo zimepanda lori kutoka upande huo, na nyuma yake pana mtu aliyekuwa akivuta kamba ya mashine alfajiri.

Pampu ya marehemu tuliikuta chini ya mti, imefunikwa gunia la mbolea. Kijana wa Kimaasai anayezitengeneza pampu za jirani alikubali kuelekeza, ila alisema vidole vyake ni vinene, na kwamba binti aliyetoka pwani ndiye afanye. Alifanya.

Kwanza koki ya petroli ilifungwa. Kisha mashine ikapigwa picha kwa simu kutoka pande tatu, kwa sababu springi ndogo zilizo kando ya kabureta zina mahali pake, na ukizikosea mashine hukimbia ovyo bila ya kujizuia. Baada ya hapo ilitandazwa kanga kuukuu nyeupe chini, ili kila kinachoanguka kionekane. Tunalisisitiza jambo hili la kitambaa cheupe kuliko yote, kwani kipande kimoja kikipotea mchangani kazi imekwisha. Katika pampu za aina ile haimlazimu mtu kuitoa kabureta nzima; bolti moja chini ya bakuli hufunguliwa kwa spana namba 10, na bakuli hushuka mkononi.

Harufu ilitoka kabla ya kitu kingine: harufu kali ya rangi iliyooza, si ya petroli. Ndani ya bakuli palikuwa na utando wa kahawia wenye rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mno, na juu yake vumbi jekundu la Kimana, kwa sababu kifuniko cha tangi kilikuwa hakifungi vizuri. Binti aliuchomoa msumari mwembamba ulioshika boya, akalitoa boya pamoja na sindano yake, akaviweka kitambaani kwa mpango wa kutoka kwake, cha kwanza kushoto na cha mwisho kulia. Jeti ilitolewa kwa bisibisi inayoenea sawasawa katika mtaro wake. Bisibisi iliyo ndogo hula shaba ikabaki shimo tu lisiloshikika. Akaiinua jeti akaitazamia jua. Tundu halikuonekana.

Hapa wengi huharibu. Huchukua sindano ya kushonea au waya wa chuma, wakasukuma. Chuma ni kigumu na shaba ni laini. Tundu hupanuka, na tangu siku hiyo mashine hunywa petroli kama ngamia na kutoa moshi mweusi. Jeti hulowekwa kwanza katika petroli safi au hupulizwa dawa ya kusafishia kabureta, huachwa ulimbo ulainike, kisha hupitishwa kitu laini. Binti alikuwa na kipande cha mshipi wa nailoni alichokitoa katika kikapu cha baba yake cha kuvulia. Ukapita. Akaitazamia tena jua, nuru ikatoka upande wa pili, na mjomba wake akageuza uso.

Vilivyobaki vilikuwa vyepesi. Bomba dogo lenye vitobo ubavuni lilisafishwa kila kitobo, njia za ndani zikapulizwa kwa pampu ya baiskeli, kikombe cha kunasia taka kilicho chini ya koki kikafunguliwa na kumwagwa maji na mchanga. Skrubu ya plastiki inayopimia mwendo wa polepole ilikazwa taratibu hadi ikagusa, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa, ndipo ikatolewa. Wakati wa kurudisha ilirudishwa kwa hesabu ile ile. Petroli yote ya zamani iliondolewa tangini. Pampu iliwaka mvuto wa nne, na maji yakatoka mferejini yakapanda shambani kwa jirani, maana shamba la marehemu lilikuwa limekwisha kulimwa na mtu mwingine.

Wapo watakaosema kazi ya spana si ya mwanamke. Tuwakumbushe tu kwamba mashine ya boti yenyewe ilisambaa duniani kwa juhudi za mume na mke. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee huko Marekani, aliitengeneza mashine yake ya kuuza mwaka 1909, na mkewe, Bess, ndiye aliyeshika hesabu, barua na matangazo ya biashara. Aliyekataa kuziacha mashine za mumewe zilale hatutamwita mgeni katika kazi hii.

Mashine ya Mtongwe ilikuwa na maradhi yale yale, pamoja na mengine ya bahari. Adui wa Kimana ni vumbi. Adui wetu ni chumvi na unyevu. Ndani ya bakuli lake, chini ya ulimbo, mlikuwa na tone la maji, na kuzunguka tone hilo bati lilikuwa limetoa unga mweupe kama chokaa. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, hasa pale jeti inapochotea. Huingia kwa galoni iliyoachwa wazi ndani ya boti, au kwa umande wa usiku katika tangi lililo nusu. Unga ule ulisuguliwa kwa mswaki laini, kwani msasa ungelikwaruza bakuli. Mpira wa mafuta na ule wa kubinya kwa mkono vilikuwa vimepasuka nyufa ndogo ndogo, na mpira wa namna hiyo huvuta hewa badala ya mafuta, ukabadilishwa. Gasketi nayo ikawa mpya.

Mashine ilifungwa kwenye pipa lililojaa maji hata rafadha ikazama, kwani mashine ya boti isiwashwe kavu hata kidogo. Pampu yake ya maji ya kupoza huungua upesi. Ikawaka kwa kishindo, mkondo wa maji ukatoka nyuma, watoto wa mtaa wakashangilia. Lakini ilipopunguzwa mwendo ilizima. Ikawashwa, ikazima tena. Vijana wakasema yatosha, baharini haitembei polepole. Mzee akawakatalia, nasi tunamuunga mkono kwa nguvu zote. Mashine inayozima ikipunguzwa mwendo itazima mlangoni mwa mwamba, pale nahodha anapopunguza ili asome mawimbi, na mashua isiyo na mwendo mahali hapo hukabidhiwa mawe. Jeti ile ndogo ilikuwa bado haijafunguka. Ilitolewa mara ya pili, ikalala usiku kucha ndani ya dawa, na asubuhi ikapitishwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa katika waya wa umeme. Ndipo mashine ikatulia ikizunguka polepole bila ya kuguswa.

Iko hatari nyingine katika hizi zinazochanganyiwa oili. Oili inayolainisha pistoni huja pamoja na petroli kwa njia ile ile ya jeti. Jeti ikizibwa nusu, mashine inakosa petroli na inakosa oili kwa pamoja. Huwaka, huenda, hata huenda kwa kasi, kisha siku moja pistoni huungua. Ukiona nahodha anatembea choki ikiwa imevutwa kidogo ndipo mashine ishike, mwambie asafishe kabureta leo. Kipimo cha oili kifuatwe cha kitabu cha mashine yenyewe. Nyingi za aina hii hutaka lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, na oili ya gari si badala yake.

Kuhusu petroli yenyewe, hasa ile ya chupa iuzwayo kando ya njia, tahadharini na iliyotiwa mafuta ya taa. Serikali ya Kenya, mwaka 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha uchanganyaji huo, na mzigo, kama mjuavyo, ukaangukia majiko ya maskini. Tuna maneno yetu juu ya hilo, lakini si ya leo. Mafuta ya taa hayawaki kama petroli na huacha masizi ndani ya mashine.

Na petroli isikae nyumbani. Tunajua hali ya nyumba zetu, chumba kimoja kikiwa ghala na jiko. Lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni usionekane hadi ukutane na makaa. Kazi ya kabureta ifanywe uani, mbali na jiko, na mtu asivute sigara wala kuwasha simu ya kumulika ndani ya tangi. Isitiwe kabisa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi alama. Akinywa, usimtapishe, si kwa maji ya chumvi wala kwa maziwa, kwani ikipanda huingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi. Pia tabia ya kuivuta petroli kwa mdomo na mpira iachwe. Risasi imeondolewa katika petroli yetu tangu 2006, ila benzini bado imo, nayo ni sumu ya damu. Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto au unga.

Mjane aliyekatika na msiba hatumlaumu kwa mashine iliyolala. Lakini katika nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, au mjane aliye katika eda, haikosi kuwa na kijana. Eda haimzuii yeye kufunga koki, kuiacha mashine iwake hadi ijizime kwa kukosa petroli, kisha kuifungua skrubu ya chini ya bakuli na kulimwaga tone lililobaki. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Wavuvi wanaozipumzisha mashine kila Kusi wafanye vivyo hivyo siku ya kuzipandisha pwani, wakiisha kuzisafisha kwa maji matamu.

Tulipomaliza, aliitwa fundi wa pili, asiye na haja ya kununua wala kuuza, ili azithamini mashine mbele ya warithi na mashahidi wawili. Thamani aliyoitaja ilizidi mara kumi ile ya kilo. Ami mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema gharama za fundi, gasketi na mpira atazitoa yeye, wala zisikatwe katika mafungu. Mwenyezi Mungu amlipe. Pampu imeuzwa kwa yule jirani wa Kimana kwa bei yake ya haki, na deni la marehemu likalipwa kwanza kutokana na fedha hizo. Mashine ya boti haikuuzwa. Amekabidhiwa nahodha wa Mtongwe kwa fungu, kama ilivyo desturi ya wavuvi, na mapato hugawanywa kwa ile hesabu ya 40, sehemu ya wavulana ikiwekwa akiba hadi wabaleghe.

Mama ameuliza mwishoni mwa barua yake kama yafaa binti ndiye ashike daftari la hesabu hiyo badala ya ami zake. Yafaa, madamu ni mwaminifu na hesabu inaonyeshwa kwa mashahidi kila mwezi. Tumeliona daftari lenyewe. Katika ukurasa wa kwanza ameandika idadi ya mizunguko ya skrubu za mashine zote mbili, na chini yake tarehe ya kumwaga bakuli Kusi ikiingia.

Wiki ijayo, inshaallah, tutarudi kwenye mahari.